Aliyesinzia Kwenye Kiti cha Wifi

Kifungo cha kahawia kwenye sweta la kijani. Hapo ndipo ulipolikunja gazeti wiki iliyopita ukanilaani, na baadhi yenu mmeniandikia kuniuliza kama nina roho. Ninayo. Tuendelee.

Kwa wewe uliyeazima gazeti la jirani leo tu, nakusimulia haraka haraka. Tunamfuata mwanamke anayeitwa Sauti. Jina hilo amelipata kazini, kwa kuwa akikuambia "pole" kwenye simu unapoa hata kama umekaa gizani tangu jana. Anapokea malalamiko ya wateja wa umeme. Kampuni yake ilifunga ofisi, ikawarudisha wafanyakazi wote majumbani mwao, kisha ikawawekea kwenye kompyuta programu ya kuwachungulia kupitia kamera. Wenyewe wameibatiza Shangazi, maana inaingia bila hodi na kukagua mpaka uvunguni.

Sasa kampuni inapunguza watu, na Sauti amechaguliwa kwa siri kuwa mkaguzi. Anaonyeshwa picha zisizo na majina, nyuso zimefunikwa ukungu, naye anabonyeza kijani au nyekundu. Wakaguzi wameahidiwa kwamba wao hawataguswa.

Asubuhi hii alibonyeza nyekundu kwa mtu aliyelala fofofo mbele ya kamera, kichwa kimeangukia begani. Akaandika na maneno, kwa raha zake: "Huyu amegeuza kazi kitanda. Hafai." Ndipo macho yakamshuka kwenye sweta. Vifungo vyote vyeupe, kimoja cha kahawia. Kile cha kahawia alikishona yeye mwenyewe, kwenye sweta la mama yake mzazi.

"Mungu wangu," Sauti akasema peke yake chumbani. "Mama anafanya nini kazini?"

Mama hajaajiriwa popote. Mama alipatwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili hauna kazi tena, na anaishi kwa mwanawe wa kiume, fundi wa mafriji anayeshinda kwenye friji za watu kutwa nzima. Anayemwogesha, kumlisha na kumgeuza ni mke wa fundi huyo. Yaani wifi yake Sauti. Wifi ambaye Sauti ndiye aliyemtafutia kazi ya kupokea simu kwenye kampuni hiyohiyo, aifanye nyumbani huku akimtazama Mama.

Nyekundu ile ilikuwa imekwenda kwa wifi.

Sauti akabonyeza kila kitu kilichobonyezeka. Kompyuta ikamjibu kwa adabu: "Uamuzi wako umepokelewa. Asante kwa uaminifu." Akaizima, akaiwasha. Ikamshukuru tena.

Akampigia msimamizi. Huyu wafanyakazi wanamwita Bwana Kimya, kwa sababu hajawahi kupaza sauti hata siku moja, na kila aliyefukuzwa naye alisema kwanza alidhani anapongezwa.

"Dada, habari za kazi?"

"Salama, bosi. Samahani, ile nyekundu ya mwisho naomba niifute. Kidole kiliteleza."

"Kiliteleza."

"Ndiyo, bosi."

"Na yale maneno uliyoandika? Nayo yaliandikwa na kidole kilichoteleza?"

Sauti akaibonyeza kompyuta mara nyingine. Ikamshukuru.

"Niambie tu, dada. Unamfahamu mfanyakazi huyu?"

Msomaji, hapa palikuwa na mlango, tena ulikuwa wazi. Sheria ya wakaguzi inasema ukikutana na picha ya ndugu yako, useme papo hapo, na picha inapelekwa kwa mwingine. Ilikuwa ni kusema "ndiyo" tu. Lakini Sauti aliona mbali kuliko ilivyotakiwa. Aliona wakimuuliza kwa nini alibonyeza kwanza ndipo akasema. Aliona wakiuliza ni nani yule kitini, na wifi akiitwa tapeli. Akajiona na yeye mwenyewe akirudishwa kwenye kundi la wanaosubiri kupunguzwa.

"Hapana," akasema. "Simfahamu."

"Basi usiwe na wasiwasi. Picha ni nzuri sana. Nitaionyesha kwenye kikao cha alasiri. Na wewe utakuwepo, kamera imezimwa, jina lako litasomeka Mkaguzi tu. Nitakuuliza neno moja."

"Bosi, kama ni kosa lake la kwanza, si anapewa onyo?"

"Onyo tumeliondoa. Ni ninyi wakaguzi tu mnaojua. Safari hii mwenye nyekundu anaondoka." Akaishusha sauti yake zaidi. "Na usimwambie mtu, dada yangu. Nakuamini."

*

Sauti alifika kwa kaka yake akihema, mguu mmoja una kandambili ya bluu, mwingine ya waridi. Hakuwa amejiangalia. Alipiga hodi, hakuitikiwa, akasukuma mlango.

Kwanza alimsikia wifi, hakumwona.

"Pole sana, baba. Nakuelewa kabisa. Hebu nitazamie nguzo iliyo karibu na geti lako, ina namba gani? Taratibu tu, sina haraka."

Sauti ile tamu ilitoka chumbani kwa Mama. Wifi alikuwa ameinama juu ya kitanda, hedifoni kichwani, anatandua shuka lililolowa. Hedifoni zililia pii, pii, zinakaribia kuisha chaji. Alipomwona Sauti akatoa macho, akaweka kidole mdomoni, kisha akaonyesha chini kwa nguvu. Maana yake ilieleweka: pita kwa magoti, kamera isikuone.

Basi mkaguzi wa kampuni akapiga magoti sebuleni kwa kaka yake, akatambaa.

Kompyuta ilikuwa juu ya meza ya kupigia pasi. Wifi aliichagua hiyo kwa sababu inapanda na kushuka. Akikaa yeye huipandisha, na kiti cha magurudumu kikija huishusha. Sasa ilikuwa chini, na mbele yake alikaa Mama na sweta lake la kijani, amechanwa nywele vizuri, mkono mzima juu ya meza. Alikuwa macho sasa. Akamwona binti yake anatambaa sakafuni, na nusu ya uso wake ikacheka.

"Mama, shikamoo," Sauti akanong'ona.

"Marahaba." Maneno yalimtoka Mama mojamoja, kila moja kwa kazi. "Subiri. Niko... kazini."

Sauti akainamisha kichwa mpaka kwenye zulia. Nisikufiche, alitaka kulia na hakuona kama ana haki.

Wifi alimaliza na mteja, akamwambia fundi yuko njiani, akamtakia mchana mwema, kisha akaja akijifuta mikono.

"Wifi! Umekuja mchana wa leo, kuna nini? Na hizo kandambili?"

"Nilikuwa napita tu," Sauti akasema. "Mbona Mama yuko hapo?"

Wifi akacheka kidogo, kicheko cha mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Usinichome, wifi yangu. Ni huyu Shangazi. Anataka aone uso kitini muda wote. Nikienda kumbadilishia Mama shuka, anaandika kiti kitupu. Nikienda kumgeuza, kiti kitupu. Nikaona hapa nitafukuzwa. Siku moja nikasema, si anataka uso? Uso upo. Nikamsogeza Mama. Shangazi akanyamaza kimya!"

"Na simu?"

"Simu napokea mimi, wifi. Napokea nikiwa nafua, napokea nikiwa namkorogea Mama uji. Sijaacha hata simu moja ilie bure. Waulize wateja." Akamrekebishia Mama kola ya sweta. "Tena Mama mwenyewe amependa. Asubuhi hataki hata chai mpaka achanwe nywele. Anasema atachelewa."

"Bosi... kasemaje?" Mama akauliza.

"Kasema umefanya vizuri, Mama. Kila siku anakusifu."

Mama akaitikia kwa kichwa polepole, ameridhika. Tangu augue, hakuna mtu mwingine aliyekuwa amempa kazi ya kufanya.

Wifi akamvuta Sauti pembeni, mbali na kamera. Kicheko kikamwisha usoni.

"Lakini leo asubuhi dawa zilimlegeza akalala palepale. Nilikuwa bafuni nafua, sikuona. Sasa tazama."

Akampa simu. Juu palikuwa na ile picha yenye uso wa ukungu, na ujumbe mfupi: alasiri hii kikaoni, kuhusu mwenendo wake. Chini yake yalinakiliwa maoni ya mkaguzi.

"Sikia mtu alivyoandika," wifi akasema, akayasoma kwa sauti kubwa. "'Huyu amegeuza kazi kitanda. Hafai.' Hafai! Wifi, mtu mwenye mama anaandika hivi?"

"Labda hakujua," Sauti akasema.

"Hakujua nini? Wewe ungemwona mtu amelala hivi, shingo imepinda hivi, usingejiuliza labda anaumwa?"

Asubuhi ile Sauti alikuwa na picha nyingi za kumaliza, na hakujiuliza chochote. Alikuwa ameona kichwa kimeanguka, akafurahi kupata nyekundu ya wazi, isiyohitaji kufikiri.

Na kuna jambo jingine ambalo sijakuambia, kwa kuwa nilitaka kwanza umpende. Mama alipougua, familia ilikaa ikauliza nani atamchukua. Macho yote yalikwenda kwa binti wa pekee. Binti akasema kazi yake haimpi nafasi. Wiki ileile akamtafutia wifi kazi ya simu, na watu wote wakamsifu kwa moyo wake. Wifi aliacha kazi yake ya kufua mashuka hotelini, iliyokuwa na zamu za kuingia na kutoka, akakaa na mama wa mwenzie. Akiikosa hii atarudi hotelini, na lile swali litaulizwa upya. Sauti alilijua hilo vizuri. Alilijua hata alipokuwa akitambaa.

"Nimeshaamua," wifi akasema. "Nitasema ni mimi niliyelala."

"Wewe?"

"Uso si wameufunika? Nani atajua? Nikisema ni Mama, mimi tapeli, nimemweka mtu mwingine kitini, nafukuzwa leo leo. Nikisema nilisinzia, ni mvivu tu. Mvivu anapewa onyo." Akamshika Sauti mkono. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji. "Wewe umekaa kule siku nyingi, wifi. Kusinzia ni onyo, si ndiyo?"

Onyo tumeliondoa. Ni ninyi wakaguzi tu mnaojua.

Sauti akitaka kumwokoa wifi, lazima aseme alivyojua. Akisema alivyojua, wifi atamuuliza tangu lini yeye ni mkaguzi.

"Ndiyo," akasema. "Ni onyo tu."

"Alhamdulillahi!" Wifi akashusha pumzi, akamkumbatia. "Afadhali umekuja. Nilikuwa roho juu juu tangu asubuhi. Usimwambie kaka yako, atapiga kelele bure."

Tafadhali, msomaji, usimtukane bado. Hifadhi nguvu.

*

Alasiri ilipofika, Sauti akasema na yeye ana kikao cha kazi, akaomba jikoni.

"Hata wewe? Poleni," wifi akasema. "Nenda, funga mlango. Mimi hizi hedifoni zimekata moto, nitatumia spika. Usiogope ukisikia wananifokea."

"Bwana Kimya hafoki," Sauti akasema, na akatamani asingesema hata hilo.

Wifi aliipandisha meza ya pasi, akajifunga kitambaa kipya kichwani, akakaa. Mama alisogezwa pembeni, nje ya kamera, lakini hakukubali kwenda mbali. Alimshika wifi pindo la nguo kwa mkono wake mzima.

Jikoni Sauti alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu mkononi, kisikizi sikioni. Kwenye kichanja, mbele ya macho yake, kilikuwa kimeanikwa kikombe cha Mama, kile cha vishikio viwili. Kwenye skrini kisanduku chake kilikuwa cheusi, kimeandikwa Mkaguzi.

Alikuwa amekata shauri. Naomba umwamini hapa, kwa sababu ni kweli. Katika safari ya kutoka sebuleni mpaka jikoni alipata akili ambayo alipaswa kuipata asubuhi: picha ina saa yake, na kila simu inarekodiwa na saa yake. Wakati yule kitini amelala, sauti ya wifi ilikuwa hewani inamtuliza mteja. Hakuna mtu anayelala na kuuliza namba ya nguzo. Angesema tu, "Linganisheni picha na simu," na uvivu ungefutika. Ndiyo, wangeuliza ni nani aliyelala. Angewaambia. Wangemuuliza kwa nini alisema hamfahamu. Hapo ndipo angepoteza kazi, na angalau angeipoteza akiwa mtu.

Akapiga moyo konde, akasubiri.

Bwana Kimya alianza kwa kuwashukuru wote kwa muda wao. Akaonyesha picha.

"Dada, huyu kwenye picha ni wewe?"

Sauti alimsikia wifi mara mbili, sikioni na kupitia mlangoni. "Ni mimi, bosi. Nilisinzia. Naomba msamaha, sitarudia tena."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana, bosi. Ni uvivu tu."

Mwanamke ambaye hajakaa chini tangu alfajiri alitamka neno hilo kwa unyenyekevu kabisa.

"Ahsante kwa ukweli wako," Bwana Kimya akasema. "Nimalizie na mkaguzi. Mkaguzi, uliona nini? Ni mfanyakazi mwenyewe, na alikuwa amelala? Unathibitisha?"

Sauti akafungua maikrofoni. Akafungua na mdomo. Linganisheni, linganisheni, neno lilikuwa limeshafika mbele ya meno.

Skrini ikaangaza. Ujumbe kutoka kwa Bwana Kimya, wa kwake yeye peke yake: "Usisite, dada. Wakaguzi wanaosita nao tunawaandika."

Ni ujumbe tu, msomaji. Hakushikiwa kisu. Lakini aliusoma, akafikiria chumba chake, kodi, miaka yake yote ya kusema pole kwa watu asiowajua. Na papo hapo akapata kisingizio kizuri, maana visingizio havikawii: wifi mwenyewe ameshakiri. Nikisema vingine nitamfanya mwongo. Kwa kweli namsaidia.

Akaishusha sauti yake, akaikaza kooni mpaka ikawa nzito, si ile tamu inayojulikana.

"Nathibitisha. Ni mfanyakazi mwenyewe. Alikuwa amelala."

"Ahsante."

Sebuleni wifi aliinamisha kichwa. Hakuitambua sauti ile. Alikuwa na hofu, na spika ilikuwa inakwaruza. Angeweza kwenda nayo kaburini bila kuijua.

Lakini Mama alikuwa ameisikia sauti hiyo kabla haijajua kusema neno lolote. Alishaisikia ikilia, ikidanganya nani kamwaga maziwa, ikijifanya nzito ili ionekane ya mtu mzima. Akaivuta ile nguo ya wifi.

"Huyo," akasema. Nusu ya uso ikang'aa. "Huyo... mwanangu."

"Ssh, Mama. Ni kikao."

"Mwanangu. Humo ndani." Akainyooshea kompyuta kidole, kwenye kisanduku cheusi. "Na yeye... kazini. Kama mimi."

Wifi alitaka kumnyamazisha tena, kisha mkono wake ukabaki hewani. Akakitazama kisanduku kilichoandikwa Mkaguzi. Akautazama mlango wa jikoni uliofungwa, na kandambili mbili zilizovuliwa mbele yake, ya bluu na ya waridi. Mtu aliyekuwa anapita tu. Mtu aliyesema labda hakujua.

"Nani anazungumza hapo?" Bwana Kimya akauliza kwenye spika. "Dada, kuna mtu mwingine chumbani?"

Wifi alinyoosha kidole, akazima maikrofoni yake. Akasimama. Hakupaza sauti, na sijui kwa nini hilo lilitisha zaidi.

"Wifi," akaita. "Yale maneno ya kitanda. Uliyaandika wewe?"

Jikoni Sauti aliruka kutoka kwenye ndoo, ndoo ikabingirika. Akashika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, kikombe cha vishikio viwili, akakibana kifuani. Sikioni mwake Bwana Kimya alikuwa amerudi, taratibu, kama asubuhi:

"Mkaguzi. Nakuuliza tena. Unamfahamu mfanyakazi huyu?"

Kitasa cha mlango kikaanza kuzunguka. Na nyuma ya wifi, kwa furaha ambayo nyumba ile haikuwa imeisikia tangu kiharusi, Mama alikuwa anaita:

"Njoo, mwanangu. Njoo... tukae wote kazini."